Nasikia Nyumbani

Voi, Jumapili jioni

Mwanangu Mwakio,

Nimetafuta kalamu ya buluu nyumba nzima. Nyekundu nimezipata saba, moja iko jikoni kwenye kikombe cha vijiko. Ya buluu ilikuwa ndani ya koti la baba yako, na ndiyo hii ninayokuandikia. Mwaka mzima tangu nistaafu, na bado nyumba hii haijaishiwa wino mwekundu.

Wewe uko Wusi kumuaga bibi. Najua hutarudi upesi, maana bibi yako hamruhusu mtu kuondoka kabla hajamaliza kimanga sahani mbili na kusikiliza habari za goti lake. Kwa hiyo nina muda. Baba yako yuko uani anashona mkanda wa begi lako na kuligombeza begi lenyewe. Habari za kuchemsha maji, za kuvaa sweta, za kutotembea na simu mkononi, hizo zote amekwisha kukuambia, na kesho stendi atazirudia tangu mwanzo. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka tuzungumze juu ya karatasi moja.

Jana uliponiletea lile sanduku la bati la sekondari, ulisema, "Mathe, haya choma tu. Ni makaratasi." Nikaketi kwenye stuli nyuma ya nyumba, kiberiti mkononi. Lakini unanijua, sichomi karatasi kabla sijaipitia. Madaftari ya hesabu yakaenda. Ya kemia yakaenda, na moshi wake ukamfanya jirani atoke kuuliza kuna nini. Chini kabisa, ndani ya ile atlasi iliyochanika jalada, nikaiona karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wako wa Kidato cha Kwanza, herufi zimelala upande kana kwamba zimechoka. Na juu yake kulikuwa na mwandiko wangu, mwekundu.

Sikuichoma. Iko hapa mezani, naikandamiza na kamusi isipeperuke. Sijui kwa nini uliitunza miaka yote hii, wala sijui kama ulisahau kuwa imo humo. Sitakuuliza. Ila sitaki uende Marsabit kuwafundisha watoto wa watu kabla sijakuambia jinsi nilivyokuwa mwalimu wa namna ile.

Kiswahili mimi sikuzaliwa nacho. Nilizaliwa na Kidawida, huko huko uliko leo, na mpaka naingia darasa la kwanza Kiswahili nilikijua cha kanisani na cha kuuzia mboga. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao kidogo chenye kamba. Ukisikika umesema Kidawida unavishwa shingoni, na hukivui mpaka umsikie mwenzako amekosea, umvishe yeye. Nilikivaa sana. Nikajifunza kutega sikio mchana kutwa, nisikie nani ameteleza. Mwenzangu angeweza kunisimulia jinsi ng'ombe wao alivyokufa, nami nilikuwa nangoja neno moja tu limtoke nimvishe. Nadhani sikio langu liliharibika hapo.

Kisha nikaenda chuo cha ualimu, pwani. Siku ya kwanza bwenini nilimwambia msichana wa kitanda cha pili, mtu wa Lamu, "Samahani, umekalia kitabu yangu." Akaita wenzake. "Jamani njooni mumsikie huyu. Ati kitabu yangu!" Hakuwa na roho mbaya, jioni ile ile alinigawia mahamri ya kwao. Lakini mimi niliapa kwamba hakuna mtu atakayenicheka tena kwa Kiswahili, na kabla hatujamaliza chuo, yeye mwenyewe alikuwa ananiletea insha zake nizipitie. Nilijivuna mpaka nikavimba. Na hapa nyumbani, unajua mwenyewe, kila siku nasema "leta kiti hiyo" na paa halijatuangukia. Ukali wangu nilikuwa nauweka kwa watoto wa wengine.

Wakati wewe uko darasa la nne nilihamishiwa Marungu. Muhula ule ule nikawapa darasa la saba insha, "Siku Nisiyoisahau". Kulikuwa na msichana mmoja akiitwa Malemba, mpole, anakaa dirishani. Insha yake naikumbuka kwa sababu miaka mingi baadaye nilikumbushwa. Aliandika hivi: "Usiku ndovu ziliingia shamba letu. Zilikula mahindi yote. Baba alitoka na debe kuzifukuza. Moja ilirudi ikamkanyaga baba."

Nilifanya kazi yangu. Waliingia. Walikula. Kuwafukuza. Mmoja alirudi akamkanyaga. Nilikizungushia duara kitenzi kile kilichomkanyaga baba wa mtoto, nikakirekebisha, nikafungua daftari lililofuata. Pambizoni niliandika: "Wanyama ni ngeli ya A-WA! Tulisoma Jumanne!" Nikampa kumi na mbili kwa arobaini. Juu ya baba yake sikuandika neno.

Insha iliyofuata Malemba aliandika mistari minane. "Tuna mbuzi watatu. Mbuzi wanakula majani. Mimi ninawapenda." Haikuwa na kosa hata moja, na haikuwa na kitu kingine chochote. Nilimpa thelathini na nane, nikaisoma mbele ya darasa iwe mfano. Aliinamisha kichwa, nami nikadhani anaona haya kwa kusifiwa. Mpaka anamaliza shule hakuandika tena habari za kwao. Aliniandikia mbuzi, na mvua, na faida za miti.

Mwaka juzi, nikitoka Mombasa kwa daktari wa macho, gari lilisimama Miasenyi watu wanunue matunda. Nikamwona mwanamke kwenye kibanda chenye ubao uliopakwa rangi: MATIKITI MATAMU YAPO. Akanitambua kabla sijamtambua.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe si Malemba wewe?"

"Ndio mimi. Angalia ubao wangu vizuri, usije ukanizungushia kitu."

Tukacheka. Nikamuuliza habari za wazazi. Akasema mama yuko, na baba yuko, anatembea na mkongojo tangu zile ndovu. Mdomo wangu, mwanangu, ulifunguka wenyewe kusema "wale". Niliufunga, lakini Malemba aliuona. Akashika kisu, akaanza kunikatia tikiti, na akaongea bila kuniangalia.

"Nilijua ni wa-, mwalimu. Ulikuwa umetufunza wiki hiyo hiyo. Lakini wa- ni ya watu. Na mimi nilikuwa nimezikasirikia."

Hakusema kwa ubaya. Alinipa kipande, akakataa nimlipe, akaniuliza kama macho yanaendelea vizuri. Nikapanda gari na tikiti mkononi na sikulila. Yule mtoto aliijua sarufi yangu vizuri kiasi cha kuitumia kuonyesha hasira yake, nami nikamwona hajui kitu.

Nilipofika nyumbani nilikusimulia. Ulikuwa umekuja likizo kutoka chuo. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukatabasamu kidogo, ukasema, kwa neno lenu la kusahihisha, "Uliwamaki sana, mathe." Kisha ukaingia chumbani kwako. Nilidhani umechoka. Mpaka jana, na kiberiti mkononi, ndipo nilipoelewa ulikuwa unaniambia nini.

Sasa niinakili barua yako, kama ulivyoiandika, makosa na yote:

"Mama mpenzi, Hujambo? Mimi sijambo kidogo. Huku kuna baridi sana kuliko Voi. Blanketi yangu ilichukuliwa na mkubwa mmoja wa Form Three akasema atarudisha. Sijui kama atarudisha. Usiku nasikia baridi, nasikia njaa, alafu nasikia nyumbani. Naomba ukuje hata kama ni siku moja. Mwana wako, Mwakio."

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa umetoka kwenye joto la Voi, ambako shuka tu ni mzigo, ukapelekwa bweni la milimani ambako ukungu unaingia mpaka kitandani. Mimi ndiye niliyeichagua shule ile, kwa sababu matokeo yake ya lugha yalikuwa mazuri.

Na haya ndiyo niliyokujibu. "Sijambo kidogo" nimeizungushia, nikaandika: ama u mzima ama u mgonjwa. Blanketi langu lilichukuliwa. Atalirudisha, mara mbili. Kidato cha Tatu. Halafu. Uje. Mwanao. Kwenye "nasikia baridi" nimeweka alama ya vema. Kwenye "nasikia njaa" nimeweka vema. "Nasikia nyumbani" nimeizungushia duara mara mbili, karatasi imekaribia kutoboka, na pembeni nimeandika: "Unasikia nini nyumbani? Sentensi haijakamilika." Chini kabisa: "Umejitahidi. Zingatia ngeli ya LI-YA. 6/10."

Nikaikunja, nikampa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anapanda huko Jumatatu akupe. Barua tu. Sikumpa hata blanketi.

Baba yako alikuwa ameisoma kabla sijaikunja. Akasimama hapo mlangoni na sare zake za reli, akasema, "Huyu mtoto analia."

"Analia na makosa tisa," nikamjibu, na nikaona nimesema jambo la maana.

Alitaka apande mwenyewe Jumamosi. Nikamwambia amwache kijana akomae, kila mwanafunzi wa bweni hulilia kwao muhula wa kwanza. Baba yako si mtu wa kubishana na mimi juu ya mambo ya shule. Anasema yeye anajua mataruma na misumari. Lakini yeye, ambaye barua zake rasmi namwandikia mimi mpaka leo, alikuwa ameisoma barua yako, na mimi sikuwa nimeisoma. Hili nimelificha moyoni tangu jana, na naandika ili liwe limesemwa.

Barua yako ya pili ilikuja baada ya wiki tatu. "Mama mpendwa, hujambo? Mimi sijambo. Masomo yanaendelea vyema. Wasalimie wote nyumbani. Mwanao, Mwakio." Haikuwa na kosa. Nilimwonyesha baba yako, nikamwambia unaona. Akaishika muda mrefu, akanirudishia, akaenda kumwagilia sukumawiki ambayo ilikuwa imekwisha kumwagiliwa.

Likizo fupi ulikuja unakohoa. Siku ya tatu tukakupeleka hospitali, kichomi. Daktari akauliza unalalaje huko shuleni. Ukamjibu yeye, hukuniangalia mimi: "Nalala na sweta mbili." Nilikaa kwenye lile benchi na mkoba magotini. Ungesema wakati ule, "Lakini nilikuambia, mama," ningeweza kulia na mambo yakaisha. Hukusema. Tulinunua blanketi jipya siku hiyo hiyo, zito, na barua hatukuitaja kamwe, mimi kwa aibu na wewe sijui kwa nini. Labda uliona haina haja, ilikuwa imekwisha kumakiwa.

Tangu siku ile hujanikosea hata herufi. Ujumbe wako wote wa simu miaka hii yote ninao, na wote ni salama. "Niko poa, mathe." "Nimefika." "Sawa." Hata ulipoachana na yule msichana wa Taveta, niliyempenda kama wangu, mimi niliambiwa na shangazi yako. Umeniandikia mbuzi, mwanangu. Na mimi ndiye niliyekufundisha.

Sasa wewe ndiye Mwalimu Mwakio. Huko uendako watoto watakuja na Kiborana na Kirendile na Kigabra, na Kiswahili watakuwa wamekiokota redioni na sokoni, vipande vipande, kama nilivyokiokota mimi. Kwa wengi wao, Kiswahili cha kuandika kitakuwa ni wewe peke yako. Usidhani nakuambia uache kusahihisha. Ule ubao wa Miasenyi una matikiti matamu, si matikiti tamu, na Malemba mwenyewe aliniambia wateja husimama kuusoma. Mtoto akiingia kwenye mtihani na "blanketi yangu", mtihani hautamhurumia. Kazi ile ni yetu na ni ya heshima.

Ila mimi niliianza kwa kalamu iliyofunguliwa. Ukiwa umeshika kalamu wazi macho yanatafuta pa kuiweka, na yatapapata, hata kwenye mwili wa baba wa mtu. Siku hizi, watoto wa jirani wakiniletea insha zao, naiacha kalamu kikombeni jikoni. Nasoma kwanza mikono mitupu. Nikimaliza najiuliza huyu mtoto ameniambia nini, na namjibu hilo kwanza, kwa sentensi moja isiyokuwa na habari za ngeli. Kwa Malemba ingekuwa, "Pole sana. Baba anaendeleaje?" Wino wake haungezidi ule wa "Tulisoma Jumanne". Baada ya hapo ningeweza kumsahihisha zile ndovu na angenisikiliza, au angeniambia kwa nini hataki, nami ningekuwa nimejifunza kitu mapema.

Na kosa ambalo hulielewi, muulize mwenyewe alitaka kusema nini. Mimi nilikuuliza, unaona? "Unasikia nini nyumbani?" Jana nimelisoma swali langu mara nyingi. Ni swali zuri kabisa. Tatizo ni kwamba sikulitaka jibu, nilitaka duara. Ningelitaka, ungeniambia. Ungeniambia unamsikia baba yako akiongea na redio, na mlango wa jikoni unavyolia, na mimi nikipiga kelele juu ya maziwa yanayotaka kumwagika. Au ungeniambia vingine nisivyovijua, na sasa sitavijua, maana yule mvulana hayupo tena wa kuulizwa.

Jua limeshuka, taa za barabara kuu zimewaka. Baba yako amemaliza mkanda na sasa anauvuta kuona kama utakatika. Ninachokiogopa nikuambie waziwazi. Si barabara ya Marsabit wala maji ya huko. Naogopa utafika, utaingia kwenye chumba usichokizoea, utakuwa na jambo la kumwambia mtu, na utaniandikia, "Nimefika, niko poa." Sina haki ya kudai zaidi. Naomba tu. Niandikie vibaya. Niandikie "alafu", changanya ngeli zote, weka Sheng mpaka nimwite kijana wa jirani anitafsirie. Sitazungushia kitu.

Nitaificha barua hii ndani ya blanketi, chini kabisa ya begi. Ndiyo, nimekuwekea blanketi. Najua utacheka, mtu mzima na mshahara wake. Ni lile lile zito tulilonunua siku ya hospitali. Baba yako anasema kule mlimani usiku kuna baridi, na safari hii nimemsikiliza.

Kabla hujarudi, nikamilishe kazi yangu niliyoiacha nusu. Nimechelewa miaka kumi na miwili, lakini barua ya mtu hujibiwa.

Mwanangu Mwakio, barua yako nimeipata. Pole kwa baridi, na pole kwa njaa. Jumamosi nakuja na baba yako, tutaleta blanketi na kimanga cha bibi kwenye bakuli lenye kifuniko, na nitaonana na huyo mkubwa wa Form Three mimi mwenyewe. Ukitaka kurudi na sisi, utarudi. Tulipoagana getini sikukukumbatia kwa sababu wenzako walikuwa wanatazama. Nisamehe.

Kesho basi likishaondoka nitarudi kwenye nyumba hii, nami nitahitaji neno. Jana nimefungua kamusi nikalitafuta. Hamu ipo, ukiwa upo, upweke upo, na yote ni maneno sahihi, lakini hakuna linalokaa pale linapouma. Lako linakaa. Mtu husikia baridi, husikia njaa, na husikia nyumbani. Sentensi yako ilikuwa imekamilika, na nimeifuta ile sita, nimekuandikia kumi kwa wino wa buluu.

Nenda salama, mwanangu. Nakusikia.

Mama